Unga wa Mvuje wa Bwana Vaidya

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomshika mamangu mkono kutoka kwetu Shella kwenda mjini Malindi, yeye akilalamika njia nzima kwamba jua ni kali, nami nikimjibu kwamba jua halijawahi kumsikiliza mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mtaani waliniita Rukia Mjuaji, na Mungu anisamehe, jina lile nililipenda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nikifumba macho hivi sasa bado nausikia mkono wa mamangu ndani ya wangu, ngozi kavu na mifupa mitupu, na natamani njia ile ingekuwa ndefu zaidi.

Juzi nilikuona umeinamia simu, ukiwapelekea wenzako, na shangazi yako anayeumwa, picha ya majani na maneno kwamba yanatibu tumbo, kwamba wewe yamekufaa. Sikukukemea. Nilijisemea tu, kumbe bado tupo wengi. Wanasema ya kale hayanuki. Haya yangu yananuka mvuje hadi leo, kwa hivyo keti nikuhadithie.

Mamangu alikuwa amekonda mpaka kanga zikamzidi. Usiku halali. Tumbo limejaa upepo, magoti yanalia akiinuka, akipikiwa hali. Hospitali walimpima damu, wakampa vidonge, wakasema hana ugonjwa wa kutisha. Haukutisha kwa kweli, mama alikuwa akiisha polepole tu, na mimi niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja sikujua la kufanya. Ndipo mtu mmoja akatuambia twende kwa Bwana Vaidya.

Sisi tulidhani Vaidya ni jina lake. Kumbe kwao neno hilo ni tabibu, kama vile mtu kuitwa Bwana Fundi. Alikuwa Mhindi mzee, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alizaliwa papo hapo Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi waliomcheka. Babake ndiye aliyevuka bahari kutoka Gujarat, India, na sanduku la dawa na kinu cha shaba, na kinu chenyewe kilikuwa bado juu ya meza, kimeng'aa kwa kutwangiwa. Chumba kilikuwa chembamba, kimejaa visanduku vya mbao hadi juu darini. Ukiingia tu, pua inapokewa na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kisha tangawizi kavu, kisha shamari, kisha mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Sijapata tena mahali penye harufu ile, na nimetafuta.

"Sabalkheri, Bwana Vaidya," mamangu alisema.

"Sabalkheri, bi mkubwa. Karibu uketi. Usiniambie ugonjwa bado."

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kueleza. Nikaufunga. Mzee akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wa mamangu, akafumba macho, akakaa hivyo muda ambao mtu angekunywa kikombe kizima cha kahawa. Kisha akaanza kuuliza. Mamangu hula saa ngapi? Chakula cha moto au baridi? Akilala huota nini? Hupenda jua au kivuli? Miguu huwa ya baridi? Na moyoni ana hofu gani?

 Hapo pa hofu mamangu akasema kwamba tangu babangu afariki, hawezi kuketi mkekani kula peke yake. Hungoja mimi nitoke, halafu hula wali uliolala, wa baridi, amesimama jikoni, matonge mawili matatu basi. Usiku hulala akisikiliza mlango.

Mwanangu, niliona haya. Nilikuwa nikiondoka kila siku adhuhuri kwenda kushona kofia na wenzangu, nikirudi nakuta sufuria imepungua, nikasema mama amekula. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinachomla mtu ki jikoni mwako. Sikuwahi kumuuliza anakulaje.

Bwana Vaidya hakutoa dawa mara moja. Alituambia kwanza dawa zake zatoka wapi, kwa sababu, alisema, mtu hapaswi kumeza kitu asichojua kwao. Elimu yenyewe kwao yaitwa Ayurveda: ayu ni uhai, na veda ni elimu. "Sikiza vyema, bi mkubwa. Elimu ya uhai. Haikuitwa elimu ya maradhi." Akasema ni ya maelfu ya miaka. Hadithi yao husema kwamba hapo kale watu walipoanza kukaa wengi mahali pamoja, wakashiba, wakaacha kutembea, maradhi yakawaingia wasiyoyajua. Wenye hekima wakakutana kando ya milima mirefu ya kaskazini, wakashauriana, wakamtuma mmoja wao kwenda kuomba elimu huko juu kwa wale wanaowaabudu. Akarudi nayo, akawafundisha wanafunzi, nao wakaifunga katika beti ili isipotee, maana wakati huo ilikaa vifuani mwa watu, mzazi akimkaririsha mwanawe. Kuandikwa kulikuja baadaye.

"Sisi twasema dawa hutoka kwa Mwenyezi Mungu," mamangu akamwambia, kwa adabu lakini kwa mkazo.

"Nami sikukatalii hata kidogo. Babangu alikuwa akisema, tabibu hutwanga tu."

Mamangu akatabasamu. Nilikuwa sijaona tabasamu lile kwa miezi.

Kisha akatueleza msingi wake, na maneno haya nimeyabeba mpaka leo kama nilivyoyapokea. Kila kilichoumbwa kina mambo matano: udongo, maji, moto, upepo, na uwazi ambamo vyote hukaa. Ndani ya mtu matano hayo hushikana yakawa nguvu tatu. Ya kwanza ni vata, ya upepo na uwazi. Hiyo ndiyo iendeshayo pumzi na miguu na mawazo, ikizidi humkausha mtu, humnyima usingizi, humjaza hofu. Ya pili ni pitta, ya moto. Hiyo husaga chakula na kunoa akili, ikizidi huchoma kifua, huleta vidonda vya mdomo na hasira. Ya tatu ni kapha, ya maji na udongo. Hiyo humpa mtu nyama na utulivu, ikizidi humletea uzito, mafua na uvivu. Kila mtu huzaliwa na kipimo chake cha hizo tatu, na hakuna kipimo kibaya. Afya ni kukaa karibu na kipimo chako mwenyewe, ugonjwa ni kukihama.

"Mbona haya ni mizaji, zile tabia za mwili?" mamangu akadakia. "Bibi yangu alikuwa akisema huyu ana mizaji ya joto, yule ya baridi, huyu mpeni asali, yule mnyimeni."

Mzee alicheka hadi miwani ikateleza. "Watu wa kwetu na wa kwenu ni majirani wa bahari, bi mkubwa. Waliokuwa wakibadilishana bizari na vitambaa, wadhani dawa waliziacha nyumbani?"

Akamwambia kwamba upepo wake umepanda. Kinachofanana na ugonjwa huuzidisha, kinyume chake huutuliza. Upepo ni baridi, mkavu na hautulii, basi naye atafute joto, mafuta na utulivu. Apakwe mafuta ya ufuta ya vuguvugu kila asubuhi kabla ya kuoga. Ale chakula cha moto, chenye samli, saa zile zile kila siku, maana ndani ya tumbo mna moto, na moto ule ukiachwa leo ukachochewa kesho huzima. Ale ameketi, na asile peke yake. Hapo alinitazama mimi. Mwisho kabisa ndipo alipotwanga unga: tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu, mvuje kidogo uliokaangwa. Ncha ya kijiko na samli ya moto, kabla ya kula.

"Huu ni wake," aliniambia akinipa kifurushi cha karatasi. "Nimeutwanga kwa tumbo hili."

Nilisikia, lakini masikio ya Mjuaji yana mlango mmoja tu, nao ni wa kutokea.

Baada ya miezi miwili mamangu alikuwa akilala mpaka adhana ya alfajiri imwamshe. Mashavu yakajaa. Tulikuwa tukila pamoja kila adhuhuri, nikiacha kofia zangu, tukizungumza mambo ya upuuzi mtupu, na ningetoa kila nilicho nacho leo nile naye mlo mmoja kati ya ile. Lakini wakati huo sikuwaza milo. Niliwaza unga. Niliwaambia watu wote, kisimani na harusini, juu ya unga ule, kana kwamba nimeutwanga mimi.

Sasa nikwambie juu ya Kadzo. Alikuwa jirani yetu, ua wa makuti ndio uliotutenga, na alikuwa shoga yangu wa dhati. Kwao ni Ganze, alikuja Shella kwa kuolewa na Charo, fundi wa kujenga kwa mawe. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, mwenye hasira ya karibu na msamaha wa karibu zaidi. Chungu kikipikwa kwao, sahani huja kwetu, kikipikwa kwetu, sahani huenda kwao, na sahani hairudi tupu. Ndivyo tulivyolelewa. Jambo moja tu lilimkaa Kadzo moyoni: miaka minne ya ndoa, na alikuwa hajashika mimba. Mawifi zake walikuwa wamekwisha kuanza kusema.

Asubuhi moja aliniita pale uani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Rukia, tumbo lanisumbua. Limejaa, chakula sikitaki, na usingizi sipati."

"Kama mamangu kabisa!"

"Tena kuna jambo jingine nilitaka..."

"Ngoja," nikamkata, "ngoja hapo hapo, dawa yako ninayo." Nikakimbilia ndani.

Nilimgawia nusu ya kifurushi. Nilifunga kwa karatasi safi, nikampa kwa mikono miwili kama mtu apelekaye futari kwa jirani, na moyo wangu ukafurahi. Hebu niambie, nani kati yetu hajafanya hivyo? Kwetu kumnyima jirani kitu kilichokufaa ni uchoyo, na dawa tuliihesabu sawa na sahani ya mkate wa sinia.

Siku ya pili akaniambia, "Dawa hii yanichoma kifua, Rukia. Mpaka mate yamekuwa machungu."

Nikacheka. "Dawa ya moto ni moto, shoga yangu. Vumilia."

Naye kwa kuniamini akavumilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, mwanangu.

Ijumaa asubuhi Charo alikuja mlangoni kwetu, mikono yake bado ina chokaa, akasema Kadzo anatokwa na damu na amempeleka hospitali. Nilipofika nilimkuta amelala ameelekea ukutani. Muuguzi ndiye aliyeniambia, akidhani najua. Ilikuwa mimba ya miezi miwili. Haikuwa tena.

Kadzo hakuwa amemwambia mtu ila mumewe, maana mimba changa kwetu haitangazwi, si mjini wala huko bara kwao. Huogopwa jicho, huogopwa husuda, mtu hungoja tumbo lijiseme lenyewe. Nami ningemuuliza nini, ikiwa sikuuliza lolote?

Nilikwenda kwa Bwana Vaidya kwa miguu, na njia yote sikuona mtu. Nikaweka juu ya meza yake nusu ya kifurushi iliyobaki, nikamweleza. Mchi ukasimama ndani ya kinu. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Alikuwa na kiu nyingi?" akauliza.

"Sijui."

"Mdomo una vidonda? Ni mtu wa kuhisi joto, wa kupenda maji baridi?"

Nilifikiri. Kadzo alikuwa akilala sakafuni kwa ajili ya joto, na mtungi wake wa maji ulikaa kivulini mchana kutwa. Nilijua hayo yote. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

"Siku zake za mwezi zilikuja lini?"

"Sijui."

"Ulijua nini basi?"

"Nilijua tumbo lamsumbua."

"Hilo hata mpita njia angelijua." Akavua miwani. "Mamako ni mtu wa upepo, mkavu, wa baridi. Nikampa joto. Huyu ni mtu wa moto, tena ana kiumbe ndani. Wewe ukamwongezea moto. Kitu kile kile, binti yangu, kwa mmoja ni dawa, kwa mwingine ni chakula, kwa mwingine ni sumu. Huo ndio mlango wa elimu yote hii. Aliyekosa mlango huo hakuingia."

"Nilimwambia dawa ya moto ni moto," nikasema nikilia.

"Hiyo semeni kwa jeuri anayewaonea. Tumboni, dawa ya moto ni maji."

Nikamuuliza kama ni mimi niliyeua. Alinijibu kweli, na kwa kweli ile namwombea hadi leo, ingawa dini yake na yangu mbalimbali. Alisema hajui. Alisema mimba nyingi huanguka zenyewe, na anayejua ni Mungu peke yake. "Mimi najua jambo moja tu. Kama angeketi kwenye kiti hiki, nisingempa unga ule."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mzee hakuniacha nikae nimeyatazama. Aliniambia hospitali wafuatwe katika kila walilosema, yeye hatoi dawa yoyote juu yake. Kazi yangu mimi ilikuwa nyingine. Mwili uliopoteza hubaki mtupu, na upepo hupenda utupu. Basi kwa siku arubaini nimpikie Kadzo mwenyewe, kwa mikono yangu: matabwatabwa, ule wali laini wa majimaji, pojo zilizoiva sana, maziwa ya vuguvugu na samli na punje ya iliki. Pilipili hata kuitaja nisiitaje.

"Na kila asubuhi, kabla hujaweka sahani chini, muulize mambo matatu. Umelalaje? Cha jana kilikaa vipi tumboni? Na moyo wako una nini leo? Ukishauliza, nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda."

Alinijua yule mzee. Kulinishinda kweli.

Siku za mwanzo Kadzo alinijibu "vyema" na "vyema" na "hauna kitu", amenipa kisogo. Nilitamani kujaza kimya kile kwa maneno, nimsimulie, nimchekeshe, niombe radhi, nijitetee. Niliuma ulimi. Nilikaa na sahani mapajani nikimngoja. Wiki ya pili akaniambia kwamba matabwatabwa yangu hayana chumvi, nikafurahi kama niliyepewa zawadi. Wiki ya tatu akaanza kusema juu ya usingizi wake, jinsi anavyoamka mikono imeshika tumbo. Mamangu naye alikuwa akija na bakuli la mafuta ya ufuta, akimpaka miguu polepole, na nyumba zetu mbili za Shella zikawa na harufu ya duka la Bwana Vaidya.

Siku moja baada ya kumuuliza moyo wako una nini, Kadzo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Leo moyo wangu una lile neno la uani," akasema. "Wakumbuka? Nilitaka kukwambia, Rukia. Wewe wa kwanza baada ya Charo. Lilikuwa hapa ulimini. Ukaniambia ngoja, ukakimbilia ndani."

Niliweka sahani chini. 

"Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Tulilia pamoja, yeye kwa lake na mimi kwa langu, mpaka matabwatabwa yakapoa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini wangu alikuja kabla sijazaa hata mtoto. Alipokwisha kujifuta alinishika mkono, akasema hana kinyongo nami, ila nisimpe tena kitu kabla sijamuuliza. Nikaapa. Kiapo kile sikukivunja.

Siku arubaini zilipokwisha nilirudi dukani kumshukuru mzee. Aliniambia nije asubuhi za mapumziko anifundishe mizizi na mishipa, kwa kuwa watoto wake wako Uingereza na hakuna aliyetaka kinu. Niliogopa. Nilisema nitakuja, nikajua siji. Miaka michache baadaye alifunga duka akawafuata wanawe, na chumba kile kikawa cha kuuza nguo. Nilipita mara nyingi nikisimama mlangoni, wauzaji wakidhani nataka gauni, kumbe natafuta harufu. Elimu iliyotoka midomoni mwa watu maelfu ya miaka ilifika kwangu ikanikaribisha, nami nikaipa kisogo. Hadi leo natamani nimkute mzee yule ameketi, niseme, nimekuja sasa, nifundishe.

Kadzo na Charo nao walihamia Ganze, kwenye shamba la wazee wa Charo. Mungu akawapa watoto watatu. Nilikuwa nikienda kumtazama kila nilipoweza, gari likinishusha mbali, nikitembea kwenye vumbi lile jekundu kati ya mahindi yaliyokauka kwa kukosa mvua. Nikifika hutua mzigo, na kabla salamu za watoto hazijaisha, namuuliza: umelalaje? Alikuwa akicheka kwa ile sauti yake. "Tabibu wa Shella amefika!"

Mara ya mwisho hakucheka. Alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, na kando yake pamejaa chupa na mizizi na vifurushi vilivyoletwa na ndugu na majirani kwa mapenzi yao. Niliketi chini, nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, mifupa mitupu, kama ule wa mamangu njia ya mjini. Nikamuuliza umelalaje. Alikawia kujibu, nami nilijua kungoja.

"Sikulala," akasema. "Nina hofu, Rukia." Halafu akanieleza hofu zake, moja moja, mpaka jua likafika ukutani. Alipokwisha akashusha pumzi. "Wote wameniletea dawa, Mungu awalipe. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje."

Alilala mchana ule mkono wake uko mkononi mwangu. Baada ya wiki moja Charo alituma habari. Nimemkosa, mwanangu, nimemkosa kila ninapopakua chakula nikakumbuka kwamba hakuna ua wa kupitishia sahani.

Basi sikiza la kushika. Sikukatazi majani wala mizizi, wala sikukatazi kumsaidia mwenzako. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake, na tumbo la mwenzako si lako. Mgonjwa apelekwe kwa wajuzi, hospitali kwanza, na lililokuponya wewe liache kwanza liwe lako. Kula kwa saa zake, kula umeketi, usimwache mzazi wako ale peke yake amesimama jikoni. Kinachozidi kitulize kwa kinyume chake: mwenye moto usimchochee, mwenye baridi umfunike. Na mtu akikuita uani akaanza kusema, usikimbilie ndani. Simama. Huenda neno lenyewe lingali ulimini mwake.

Haya, inuka sasa, umpigie shangazi yako simu. Muulize tumbo lake linamsumbua tangu lini, kisha nyamaza umsikilize.

Mungu akupe moto wa tumbo usiozima wala kuunguza, akupe usingizi wa kutosha, akupe umri wa kuwazika wazee wako ukiwa umewauliza yote. Na siku mwili wako utakapokuwa mkavu kama wangu, akuletee mtu atakayeketi chini, akushike mkono, akuulize umelalaje, kisha angoje jibu.